Je, Wajua? Mahoo na Taveta kwa Hesabu ya Watu

Mahoo iko pembeni kabisa mwa Kenya. Mlima Kilimanjaro unaonekana vizuri kukiwa hakuna mawingu, na Moshi ya Tanzania iko karibu kuliko Voi. Safari hii safu yetu inahesabu watu: wangapi, walitoka wapi, nani anazidi nani, na kwa nini nambari ya eneo dogo kama hili inaweza kuamua kiti cha ubunge.

MAHALI PENYEWE

1. Je, wajua kwamba Mahoo ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Taveta? Nyingine ni Chala, Bomani, Mboghoni na Mata. Kaunti nzima ya Taita Taveta ina wadi 20, na Kenya ina 1,450. Kila wadi humchagua mwakilishi wake katika bunge la kaunti.

2. Je, wajua kwamba ukitafuta kijiji chako katika vitabu vya sensa ya Kenya hutakipata kwa urahisi? Kiwango cha chini kabisa kinachochapishwa ni kata ndogo, ile inayosimamiwa na naibu wa chifu. Vijiji viwili, vitatu au zaidi humezwa ndani ya nambari moja, hata kama wazee wa mitaa wanavijua nyumba kwa nyumba.

3. India wana desturi tofauti. Sensa yao ya mwaka 2011 iliorodhesha zaidi ya vijiji 640,000, na kila kijiji kikapewa namba yake ya utambulisho pamoja na takwimu zake: kaya, wanaume, wanawake, watoto walio chini ya miaka 7, wanaojua kusoma na kuandika. Mkulima wa kijiji cha ndani kabisa anaweza kusoma hesabu ya kijiji chake peke yake.

4. Je, wajua kwamba ukivuka tu mpaka pale Holili, maana ya kijiji inabadilika? Tanzania, kijiji ni chombo cha kisheria chenye halmashauri na mwenyekiti anayepigiwa kura, na nchi hiyo ina zaidi ya vijiji 12,000 vya namna hiyo. Kenya, mzee wa kijiji huheshimiwa na hutumwa na chifu, lakini hapigiwi kura kama mwenzake wa ng'ambo.

NANI ANAONGEZEKA, NANI ANAPUNGUA

5. Je, wajua kwamba Taveta ilikuwa na watu 67,665 katika sensa ya mwaka 2009, na miaka kumi baadaye ikawa na 91,222? Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 35. Katika muda huohuo Kenya nzima iliongezeka kwa asilimia 23 na kaunti ya Taita Taveta kwa asilimia 20.

6. Kaunti iliongeza watu 56,014 katika miaka hiyo kumi, kutoka 284,657 hadi 340,671. Taveta peke yake ilileta 23,557 kati yao. Yaani eneo lenye takriban robo ya wakazi lilichangia zaidi ya asilimia 42 ya ongezeko.

7. Je, wajua kwamba juu milimani hesabu ilirudi nyuma? Wundanyi ilikuwa na watu 56,021 mwaka 2009. Mwaka 2019 walihesabiwa 55,959. Wamepungua 62. Si kwamba watoto hawazaliwi Wundanyi. Wanazaliwa, wanasoma, kisha wanateremka. Shamba la babu likigawanywa kwa wana, halafu kwa wajukuu, mwishowe kila mtu anabaki na kipande cha kupanda sukumawiki, na kijana anashika njia ya Voi, Mombasa, Nairobi au Taveta.

8. Mwaka 2019 kaunti ndogo ziligawana watu hivi: Voi 111,831, Taveta 91,222, Mwatate 81,659 na Taita, yaani upande wa Wundanyi, 55,959. Zamani milima ndiyo iliyokuwa na watu na tambarare ndiyo iliyokuwa na nyika. Sasa mizani imeinamia bondeni.

9. Je, wajua kwamba kwenye karatasi kaunti hii inaonekana tupu? Ina takriban kilomita za mraba 17,000, kwa hiyo wastani ni watu 20 kwa kilomita moja ya mraba. Wastani wa Kenya ni 82. Lakini zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya kaunti, kwa hesabu za serikali ya kaunti yenyewe, imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambako mwenye kibali cha kuishi ni ndovu. Ukiondoa mbuga, zinabaki kilomita za mraba 5,876, na ndani yake mna mashamba, ranchi, mkonge, maziwa na misitu. Gawanya watu kwa eneo hilo: unapata 58.

10. Ng'ambo ya mpaka, Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabu watu 1,861,934 katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022. Huko ni takriban watu 140 kwa kilomita ya mraba. Ndiyo maana anayetoka Moshi akiingia Taveta huona nafasi, na anayetoka Nairobi akifika huko huona kijani.

WANAUME, WANAWAKE NA KAYA

11. Je, wajua kwamba Taita Taveta ina wanaume wengi kuliko wanawake? Mwaka 2019 walihesabiwa wanaume 173,337 na wanawake 167,327. Kwa kila wanaume 1,000 kulikuwa na wanawake 965. Kwa Kenya nzima mambo ni kinyume: wanawake ni 1,020 kwa kila wanaume 1,000.

12. India nayo ina upungufu wa wanawake, 943 kwa kila wanaume 1,000 katika sensa ya 2011, lakini chanzo chake ni kingine. Kule tatizo kubwa ni familia kupendelea mtoto wa kiume, hata kabla hajazaliwa. Katika kaunti yetu, tazama kazi zilizopo: mashamba ya mkonge, ranchi, migodi ya vito, reli na malori. Hizo huita wanaume kutoka mbali, na wengi huja bila wake zao.

13. Je, wajua kwamba watu saba wa kaunti hii waliandikwa kuwa wenye jinsia mbili? Mwaka 2019 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuwapa nafasi yao katika sensa ya taifa. Nchi nzima walihesabiwa 1,524.

14. Kaya ya wastani katika Taita Taveta ina watu 3.5. Kenya nzima ni 3.9, Nairobi ni 2.9, na Mandera ni 6.9. India, kwa sensa ya 2011, ilikaribia watu 5. Kwa hiyo anayedhani kila nyumba ya mashambani imejaa watoto kumi ahesabu upya: mashambani kwa sasa kuna nyumba nyingi za bibi na wajukuu wawili.

15. Je, wajua kwamba Kenya na India zimelingana kwa jambo moja la kushangaza? Sensa ya India ya 2011 ilikuta asilimia 68.8 ya wananchi wanaishi vijijini. Sensa ya Kenya ya 2019 ilikuta asilimia ileile, 68.8. Nchi moja ina watu zaidi ya bilioni moja, nyingine ilihesabu milioni 47.

16. Wakenya watatu kati ya wanne, mwaka 2019, walikuwa chini ya umri wa miaka 35. Ukiwa na miaka 40 na ukajiita kijana, takwimu hazitakuunga mkono.

WALITOKA WAPI

17. Je, wajua kwamba Wataveta wenyewe ni jamii iliyoundwa na wageni? Watu wa koo na asili mbalimbali walikimbilia msitu mnene wa mto Lumi, wakapata maji, ndizi na kinga dhidi ya wavamizi. Lugha yao, Kitaveta, inakaribiana sana na Kipare cha Tanzania. Mfumo wao wa rika unafanana na wa Wamaasai. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa methali hiyo ni historia.

18. Misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani iliufanya msitu huo kituo cha kupumzika na kununua chakula kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883, na Sámuel Teleki wa Hungaria mwaka 1887. Wapagazi wangapi walibaki na kuoa huko, hakuna karani aliyewaandika.

19. Je, wajua kwamba Taveta ilikuwa na gazeti kabla Nairobi haijawa mji? The Taveta Chronicle lilianza mwaka 1895, likichapishwa na wamisionari wa Church Missionary Society. Treni ilifika Nairobi mwaka 1899.

20. Mwaka 1901 afisa wa Kiingereza Claud Hollis alichapisha maelezo marefu kuhusu historia na desturi za Wataveta. Baadaye aliandika kuhusu Wamaasai na Wanandi, kisha akawa mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar.

21. Je, wajua kwamba hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake wa Ujerumani mlima Kilimanjaro ni porojo tu? Mpaka ulichorwa kwa mapatano ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886. Taveta iliangukia upande wa Waingereza kwa sababu Harry Johnston alikuwa amejipatia hati ya mkataba hapo mwaka 1884. Mstari ukazunguka mlima, ukawaacha Wataveta upande huu na jamaa zao Wapare upande wa pili.

22. Vita vya Kwanza vya Dunia viliingia Taveta mapema. Wajerumani waliuteka mji Agosti 1914 na wakaukalia hadi Machi 1916. Waingereza, ili wapeleke askari, walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta. Askari wengi walitoka India, na Maktau, katikati ya njia hiyo, bado kuna makaburi ya Wahindi yanayotunzwa.

23. Je, wajua kwamba Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa mkataba kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya 1896 na 1901, na reli hiyo ilipita Voi? Takriban 2,500 walikufa kazini na wengi wa waliosalia walirudi kwao. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, na sensa ya 2019 ikawahesabu 47,555.

24. Baada ya Vita vya Kwanza ukaja mkonge. Ewart Grogan, mlowezi aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika, alimiliki shamba kubwa Taveta na kujenga jumba juu ya kilima. Watu hadi leo huliita kasri la Grogan. Mkonge ulihitaji vibarua, vibarua walitoka kila upande, na watoto wao wakawa wenyeji wasio na hati ya ardhi. Suala la maskwota wa Taveta lilianzia hapo.

SOKONI NA MPAKANI

25. Je, wajua kwamba idadi ya watu wa mji wa Taveta hubadilika Jumatano na Jumamosi? Hizo ndizo siku za soko. Alfajiri mikungu ya ndizi imeshalazwa chini kwa safu, shina limekatwa muda si mrefu na utomvu bado unadondoka. Ukiingia na shati jeupe utatoka na madoa meusi yasiyosikia sabuni. Mnunuzi wa Mombasa anapita akihesabu chane kwa kidole.

"Mama, huu bei gani?"

"Huu? Chukua miwili, baba, huo wa pili nakupunguzia."

Noti za Kenya na za Tanzania zinapita mkono kwa mkono, na kila muuzaji anajua kiwango cha siku hiyo bila kuuliza benki.

26. Maji yanayokuza ndizi hizo ni ya Kilimanjaro. Mvua ya tambarare haitoshi, lakini chemchemi kama Njoro Kubwa na mto Lumi huleta maji ya mlima hadi mifereji ya mashamba. Penye maji ya kudumu watu hawakosi, na hilo linaeleza sehemu kubwa ya namba ya 5 hapo juu.

27. Tangu mwaka 2016 Taveta na Holili zina kituo cha pamoja cha mpakani. Msafiri hukaguliwa mara moja, upande anaoingia, badala ya kupanga foleni mbili.

28. Je, wajua mtu wa mpakani huhesabiwa wapi? Sensa ya Kenya haikuhesabii kwenu. Inauliza ulilala wapi usiku wa sensa. Mwaka 2019 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Mchuuzi wa Moshi aliyelala Taveta usiku huo aliongeza mtu mmoja Kenya, na mama wa Mahoo aliyelala kwa dada yake Himo, Tanzania, hakuongeza mtu yeyote. Tanzania ilihesabu watu wake Agosti 2022, kwa hiyo yupo anayeweza kuwa amehesabiwa katika nchi zote mbili bila kosa lolote.

HESABU NI KITI, HESABU NI PESA

29. Je, wajua kwamba Taveta haina watu wa kutosha kuwa eneo bunge, ukifuata hesabu kavu? Gawa Wakenya wa mwaka 2019 kwa maeneo bunge 290: kila moja linapaswa kuwa na watu 164,015. Katiba inaruhusu eneo lenye watu wachache lipungukiwe kwa asilimia 40, yaani lisishuke chini ya 98,409. Taveta ilikuwa na 91,222. Wundanyi, yenye 55,959, iko mbali zaidi.

30. Kilichoyaokoa maeneo madogo mwaka 2012 ni kifungu cha mpito: mapitio ya kwanza ya mipaka baada ya Katiba ya 2010 hayakuruhusiwa kufuta eneo bunge lililokuwepo. Kinga hiyo ilitajwa kwa mapitio ya kwanza tu. Kwa hiyo watu 7,187 ambao Taveta ilipungukiwa nao mwaka 2019 si nambari ya kuchezea. Kwa mwendo wa miaka ile kumi, Taveta inaweza kuvuka kizingiti cha zamani, lakini kizingiti nacho hupanda kila Kenya inapoongezeka.

31. Je, wajua kwamba kila kichwa kilichohesabiwa kina thamani ya fedha? Fomula ya tatu ya kugawa mapato kwa kaunti, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020, iliupa wingi wa watu uzito wa asilimia 18 na ukubwa wa ardhi asilimia 8. Afya, kilimo, umaskini, barabara na mengineyo viligawana sehemu iliyobaki.

32. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza Kenya kufanywa bila karatasi. Makarani walibeba tabuleti zilizounganishwa katika Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Karani alifika mlangoni akiongozana na mzee wa mtaa na kuanza na swali moja: nani na nani walilala hapa? Baadaye yakaja ya umri, elimu, kazi, hata kuku na mbuzi.

KWA MKATO

• Sensa ya kwanza ya jumla iliyowahesabu Waafrika wa Kenya ilifanyika mwaka 1948. Nchi ilikuwa na watu milioni 5.4.

• Tangu 1969 Kenya huhesabu watu kila baada ya miaka kumi, mwaka unaoishia na tisa.

• Taita Taveta ilikuwa na watu 246,671 mwaka 1999. Miaka ishirini baadaye iliongeza 94,000.

• Naomi Shaban aliiwakilisha Taveta bungeni tangu uchaguzi wa 2002 hadi 2022, vipindi vinne mfululizo.

• Johannes Rebmann alikuwa akipita nyika za Taita na Taveta alipouona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Wasomi wa Ulaya walibisha kwa miaka kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Watu wa huku hawakuulizwa.

33. La mwisho. Je, wajua kwamba kwa ratiba hiyo sensa ijayo ya Kenya ni ya Agosti 2029? Kama wewe ni wa Mahoo na kazi yako iko Mombasa au Nairobi, utahesabiwa utakakolala. Mwaka wa sensa Agosti tarehe za mwisho si wakati wa kusafiri ovyo, na mwenye harusi ya kupanga nyumbani ajue atakuwa ameifanyia wadi yake kazi kubwa akiiweka wikendi hiyo.